Kipande Kilichobaki kwa Wifi

Chini ya ngazi za jengo lililojaa mafundi cherehani, mahali ambapo wenye jengo wangeweka ndoo na mifagio, ndipo alipokuwa akifanya kazi Mama Vifungo. Meza yake ilikuwa ndogo, imeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa chumba cha pili, na juu yake kulikuwa na taa, mikasi, kastabini na makopo ya vifungo yaliyopangwa kwa rangi. Nguo zote zilizoshonwa humo zilipita kwake kabla ya kumfikia mwenyewe. Mafundi walikata, waliunga, walijisifu. Yeye alitoboa matundu na kushona vifungo. Ulipomsikia fundi wa ghorofa ya juu akitamba kwamba koti lake limekaa, ulipaswa kujua kwamba limekaa kwa sababu Mama Vifungo amelifunga.

Jina hilo alipewa na mafundi vijana. Kila mwanamke wa rika lake ni mama fulani, na yeye hakuwa na fulani, basi wakampa vifungo. Mimi naona ulikuwa utani wa watu walioshiba, lakini yeye aliuitikia siku ya kwanza na jina likamganda. Alisema watoto wake hawadai ada wala hawamjibu ovyo, na mmoja akitoroka humkuta palepale chini ya meza. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, kisha akainama kutafuta uzi.

Kazi aliijua. Kifungo cha shati ni kitu cha dakika, lakini cha koti kina adabu zake. Huweka kijiti cha kiberiti juu ya kifungo, akashona akikizungukia, halafu akakichomoa, uzi ukabaki umelegea kidogo. Hapo huuzungushia uzi mwingine chini ya kifungo mpaka kipate shingo, kisimame, kitambaa kipate nafasi ya kupumua. Asiyejua hukibana kifungo kwenye nguo kama kupe, kisha anashangaa kwa nini koti linakunja uso.

Miaka mingi kabla ya haya ninayosimulia alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Pengo alilijaza mwenyewe kwa kifuko cha vitambaa alichokishona na kukipima hadi kikalingana na mwenzake. Fundi mmoja mwanamke alimkuta siku moja akijirekebisha kwenye kona, akaona aibu, akataka kurudi nyuma. Mama Vifungo akamwambia asikimbie: la kushoto ni kazi ya mikono yangu, la kulia ni kazi ya Mungu, na usiulize lipi limeshonwa vizuri zaidi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mbele za watu. Nyumbani alikuwa mwingine. Alipanga chumba kimoja chenye dirisha lililotazama ukuta. Kulikuwa na viti viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea nguo alizofua, na sufuria kubwa ambayo hakuwahi kuibadilisha tangu alipokuwa akiwapikia watu watatu. Alipika humo chakula cha mtu mmoja, kikatandaza chini kama kimemwagika. Redio aliiwasha aingiapo na kuizima alalapo. Siku jengo la mafundi lilipofungwa hakuwa na mtu wa kumwambia neno, na kesho yake akimsalimia mlinzi sauti ilitoka imekwaruza, mlinzi akamwuliza kama ana mafua. Hakuwa na mafua. Alikuwa hajazungumza tu.

Mwaka huo ndipo kikohozi kilipomwanzia. Alinunua dawa za dukani, akanywa maji ya moto, akakikemea. Kikohozi kikakaa. Akaenda hospitali, wakampiga picha ya kifua, na daktari kijana aliyekuwa zamu akaiangalia kwa muda, akalifungua jalada lake, akasoma habari za lile titi, kisha akamwambia kwa sauti ya upole kwamba kwenye pafu la kulia kuna uvimbe na inaelekea ugonjwa wake wa zamani umerudi. Mama Vifungo akamshukuru. Unamshukuru mtu kwa jambo kama hilo kwa sababu hujui kingine cha kusema.

Alirudi kazini siku ileile. Hakumwambia yeyote. Alianza kumaliza viporo vyote, makoti yaliyokaa, magauni yaliyosahauliwa na wenyewe, na kila fundi aliyeteremka kuleta nguo mpya alimwambia apeleke kwa mwingine. Kopo la vifungo vya pembe, vile vizuri alivyokuwa akivificha hata kwa wateja wakubwa, alimpa yule fundi mwanamke bila maelezo. Fundi akadhani Mama Vifungo amepata mchumba anahama. Habari ikazunguka ghorofa zote, na kwa wiki nzima walikuwa wakimwimbia kila apitapo. Aliwaacha waimbe. Afadhali wimbo kuliko pole.

Kisha akapelekwa kwa daktari wa kifua. Huyu alikuwa mwanamke mtu mzima, mnene, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kutafuna karanga kutoka mfukoni huku akitazama picha za watu. Alizitazama za Mama Vifungo akatafuna, akazigeuza, akatafuna tena.

"Nani kakwambia umerudi?"

Mama Vifungo akasema ni daktari kijana.

"Yeye kaona uvimbe. Hakuona umetoka wapi."

Akafuta mikono, akamwelezea. Saratani ina tabia ya kusafiri. Ile ya titi inaweza kuacha mbegu mwilini, mbegu ikakaa kimya miaka mingi, kisha ikaja kuota kwenye pafu. Ikiota huko bado ni ya titi, imehama tu. Lakini pafu nalo linaweza kupata saratani yake lenyewe, isiyo na undugu wowote na ile ya kwanza. Kwenye picha zote ni kidude cheupe. Mtu akishawahi kuugua saratani, kila kidude kinachoonekana baadaye husingiziwa kuwa ni ileile, na mara nyingi huwa kweli, lakini si kila mara. Huu wa Mama Vifungo ulikuwa mmoja, mdogo, na umekuja baada ya miaka mingi ya utulivu. Daktari hakuwa tayari kuuhukumu kwa sura.

Mama Vifungo akauliza ipi iliyo nzuri. Daktari akasema hakuna nzuri. Ila ikiwa ni mpya, ndogo hivyo na iko peke yake, ataikata, na inawezekana wakaagana nayo kabisa. Ikiwa ni ya zamani imehama, kisu hakitaifuata kila ilikopita. Watampa dawa za kuituliza, ataishi nayo kadiri atakavyojaliwa. Mama Vifungo akasema yeye hajavuta sigara hata moja maishani. Daktari akamjibu kwamba ugonjwa huo hauulizi sigara siku zote, na angekuwa anajua unauliza nini angekuwa ameshatajirika.

Wakamchoma sindano ndefu mbavuni, wakatoa unyuzi wa nyama wa kuchunguza. Alilala chali akitazama dari akajaribu kufikiria vifungo.

Majibu yalikuja nusunusu. Kwamba ni saratani, hilo halikuwa na shaka. Lakini ilikuwa ya aina inayoweza kuzaliwa kwenye titi na inayoweza kuzaliwa kwenye pafu, nyama iliyotoka ilikuwa kidogo, na zile rangi maalumu ambazo watu wa maabara huzitia ili nyama iseme asili yake zilishika kwa mbali, hazikukata shauri. Daktari wa kifua akasema imebaki njia moja ya uhakika. Alipokatwa titi, kipande cha ule uvimbe lazima kiligandishwa kwenye nta, maana nyama ya namna hiyo haitupwi. Alikitaka hicho kipande. Wangekipaka rangi zilezile pamoja na hiki cha pafu, siku moja, mkono mmoja, wakaviweka chini ya darubini ubavu kwa ubavu. Hapo undugu ungejulikana.

"Kipo wapi?" akauliza.

"Kilipotea," akasema Mama Vifungo.

Huo ulikuwa uongo. Alijua kilipo. Kilikuwa kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, kwenye friji.

Mumewe alikuwa mpaka rangi, mtu mrefu asiyependa maneno, aliyerudi nyumbani kila jioni na rangi ya nyumba za watu wengine kwenye nywele. Mama Vifungo alipougua mara ya kwanza, dada mtu alihamia kwao kumuuguza. Alikuwa muuza barafu, mwanamke wa mikono mikubwa na mdomo usiojua kufunga, na katika miezi ile alimwosha, akamlisha, akamshikia beseni alipotapika, akamtania kwamba kipara kinampendeza kuliko nywele. Hospitali iliyomkata haikuwa na kipimo cha kuchagulia dawa, basi wakampa wifi kipande kile kwenye nta akipeleke maabara nyingine. Akakipeleka. Walipomaliza wakamrudishia, wakamwambia akitunze mahali pa baridi, kwa kuwa siku moja kinaweza kuhitajika. Hospitali zetu ndivyo zinavyofanya: nyama ya mgonjwa inarudi na ndugu, na ndugu mmoja anaiweka kabatini, mwingine anaitupa kwa kinyaa. Wifi alikuwa na friji ya biashara. Akakiweka humo.

Mume naye alikuwa akishika kazi mbili, mchana rangi na jioni kulinda ghala, na siku za matibabu alimpeleka mkewe mwenyewe na kumsubiri kwenye benchi la ukumbini. Kifua kilikuwa kikimbana. Alimwambia dada yake mara moja, na dada akamsihi akapimwe, yeye akasema tumalize la huyu kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya dawa ya mwisho Mama Vifungo alitoka chumbani na habari kwamba wamemaliza, kwamba daktari ameridhika, akamkuta mumewe kwenye benchi ameegemeza kichwa ukutani, mkoba wake mapajani. Alidhani amesinzia. Akamgusa bega akamwambia tumemaliza, twende. Akamgusa tena.

Makaburini, mbele za watu, wifi alimwambia, "Macho yetu yote yalikuwa kwako. Wewe umepona, yeye tunamfukia."

Alisema hivyo, akageuka, akaenda kuchukua vitu vyake. Tangu siku ile hawakuonana. Watu wa busara waliwahi kusema kwamba yalikuwa maneno ya msiba, na maneno ya msiba hayahesabiwi. Lakini Mama Vifungo aliyahesabu, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alipona yeye. Kwa miaka yote ile, alipoamka na kujikuta mzima, jambo hilo tu ndilo aliloweza kumwonyesha mumewe: kazi uliyofia imeshika, angalia, bado niko hapa.

Sasa daktari anataka kulinganisha. Je, vikifanana? Ikiwa hii ya pafu ni ile ya titi, basi haikupona hata siku moja, ilikuwa imejificha inamsubiri, na mtu yule alijiua kwa kazi mbili na benchi kwa ajili ya kitu ambacho hakikushika. Alikufa bure. Na wa kumpelekea habari hiyo awe yeye, aende akasimame mlangoni pa dada mtu amwambie imerudi? Kufa aliweza. Alishaanza hata kupanga nguo. Hilo la pili hakuliweza.

Akakaa nalo. Aliwasha redio na asiisikie. Alijaribu kumtania kwenye mawazo yake yule wifi wa zamani, wa beseni na kipara, na kila mara akageuka kuwa wa makaburini. Hana mama, hana dada, hana mtoto. Mtu pekee aliyewahi kumjua mumewe kabla yake na akiwa naye alikuwa yule, na njia ya kwenda kwake ilikuwa safari ya basi moja.

Daktari wa kifua alimpigia simu mwenyewe, jambo ambalo madaktari hawalifanyi. Alimwambia kikao cha madaktari kimekaribia. Kama kipande hakipo, hawatampasua kifua kwa kubahatisha. Wataihesabu kuwa ni ile ya zamani na kumtibu hivyo. Alisema hayo kwa haraka, kama mtu mwenye mgonjwa mwingine mlangoni, akaaga.

Wataihesabu. Neno hilo ndilo lililomtoa kitini. Alikuwa tayari kuambiwa kwamba mumewe alikufa bure kama ndivyo ilivyokuwa, lakini aambiwe na mwenye kuona, si watu wazima wakae mezani wakisie, kisha waandike. Alivaa kanga safi, akasahau kuzima redio, akaenda.

Wifi alikuwa ukumbini kwake, mlango wazi kuelekea barabarani, akifunga maji kwenye mifuko ya nailoni. Alikuwa amezeeka upande wa magoti. Alijiinua kwa kushika friji. Kulikuwa na mteja mmoja, mwanamke aliyekuwa akilalamika kwamba barafu ya leo haijaganda vizuri, na wifi alimalizana naye kwanza, taratibu, kana kwamba aliyesimama mlangoni ni mteja wa pili kwenye foleni. Mteja alipotoka wakabaki wanaangaliana.

"Shikamoo, wifi," akasema Mama Vifungo, maana yule alimzidi umri.

"Marahaba."

Hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Mama Vifungo akasema bila kuzunguka kwamba amekuja kuchukua ile nyama yake, kama ipo. Wifi hakuuliza nyama gani. Mikono yake ikaacha kufunga.

"Imerudi?"

"Hawajui. Ipo nyingine kwenye pafu. Wanataka kuziweka pamoja waone kama ni ileile."

Wifi aliusogeza pembeni mfuko aliokuwa akiufunga. Halafu akafungua friji, akasogeza chupa, akaingiza mkono mpaka nyuma kabisa, akatoa kikopo cha plastiki kilichofungwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Ndani, kwenye kijisanduku cha saizi ya kipande cha sabuni ya hotelini, ndimo mlimokuwa na ile nta na nyama iliyo ndani yake, na karatasi ya namba haijafutika. Wifi akasema, kwa sauti ya kutoa taarifa, kwamba friji imebadilishwa mara mbili, na kwamba umeme ukikatika alikuwa akikiweka kwenye ndoo ya maji, ndani ya mfuko, kisipate joto. Mgeni mmoja aliwahi kukifungua akauliza kama ni siagi. Tangu hapo akakirudisha nyuma ya chupa.

Mama Vifungo alikishika. Kilikuwa cha baridi na hakikuwa na uzito wowote. Miaka yote ile aliyodhani hakuna mtu duniani anayemfikiria, hapa palikuwa na mtu anayeangalia kama umeme upo.

"Kwa nini hukukitupa?" akauliza.

"Niliambiwa nikitunze," akasema wifi. "Hakuna aliyekuja kuniambia basi."

 Mteja mwingine aliingia. Wifi akamgeukia, akamwuliza anataka mifuko mingapi, na ulipofika wakati wa kuagana aliuliza tu majibu ni lini. Mama Vifungo akasema hajui. Akaondoka akiwa amekikumbatia kikopo upande wa kushoto, na njia nzima aliwaona watu wakiteremka basini kwa jamaa zao, wakipokelewa mizigo. Alichukia kwamba hakuwa amekaribishwa hata maji. Kwa muuza barafu.

Siku za kusubiri zilikuwa mbaya kuliko zote. Viporo kazini alishavimaliza mwenyewe, kwa ujinga wake, na mafundi walishazoea kupeleka nguo kwingine. Alikaa chini ya ngazi akisikiliza cherehani za juu, akipanga vifungo vilivyokwisha kupangwa. Fundi mmoja alipoteremka kumwuliza harusi ni lini alimjibu vibaya, akajuta, lakini fundi alikuwa ameshapanda. Jioni alienda nyumbani, akapika kwenye sufuria kubwa, akala akitazama kiti chenye nguo.

Alipoitwa, alimkuta daktari wa kifua hana karanga mdomoni, na hilo likamtisha. Daktari akasema aketi. Akamwambia vipande vyote viwili vimepakwa na kusomwa, na aliyevisoma ameomba mwenzake asome naye bila kumwambia kitu, na wote wamesema lilelile. Ile ya titi ilishika rangi zake waziwazi. Hii ya pafu ikazikataa zote, ikashika za pafu. Hata umbo la chembe zenyewe, zilivyojipanga, ni kabila jingine.

"Hazina undugu, mama. Hii ni mpya. Imezaliwa hapohapo ilipo."

"Na ile?"

"Ile ipi?"

"Ya titi. Iko wapi?"

Daktari alimtazama kama aliyeulizwa habari za mtu aliyehama zamani. Alisema kwamba saratani haina wa kuiwekea dhamana, lakini wamempima mwili mzima na hakuna mahali alipoiona. Kwa kadiri awezavyo kusema, ile ilikwisha palepale ilipotibiwa. Kisha akaendelea na habari za upasuaji, sehemu gani ya pafu itaondolewa, wiki ngapi za kupumzika, na kwamba ni lazima awepo ndugu wa kumpeleka na kumrudisha. Mama Vifungo aliitikia kila kitu na hakusikia hata kimoja.

Alitokea ukumbini. Mabenchi yalijaa watu, kila mgonjwa na wake, mmoja ameshikiwa mfuko, mwingine anapepewa. Alisimama katikati akiwa na habari kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na hapakuwa na wa kumwambia. Bibi mmoja kwenye benchi alimhurumia, akamsogezea nafasi, akamwuliza wamemwambia nini. Mama Vifungo akamwambia kwamba ana saratani nyingine, mpya kabisa, na akajikuta anatabasamu hadi mafizi. Bibi akamshika mkono akamwombea, kisha akamnong'oneza binti yake, na binti akamtazama Mama Vifungo kwa wasiwasi. Ukweli ni kwamba hata mimi ningewaza hivyohivyo. Mtu anayefurahia ugonjwa wa pili unamwelezaje kwa mgeni? Alihitaji mtu aliyekuwepo wakati wa ule wa kwanza, na aliyebaki alikuwa mmoja.

Safari hii wifi hakuwa na mteja. Alikuwa ameketi karibu na friji, mikono mapajani, haifanyi kitu. Alipomwona hakusimama. Nadhani magoti yalikataa.

Mama Vifungo hakutoa salamu. Alisema tu, "Si ileile, wifi. Ni nyingine, mpya. Wataikata."

 Wifi alikuwa akiuma mdomo kama mtu anayepiga hesabu, na alipouliza, aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Mama Vifungo hakuijua kwamba anayo.

"Na ile ya kwanza?"

"Ilipona. Daktari kasema ilikwisha palepale. Haijawahi kurudi."

"Ilipona kweli?"

"Kweli, wifi."

Yule mwanamke mkubwa akafunika uso kwa mikono yake iliyochubuliwa na baridi. Mabega yakaanza kutikisika. Barabarani mtu aliuliza kama barafu ipo, na hakujibiwa, akapita.

"Basi kaka yangu hakufa bure," akasema.

Mama Vifungo alivuta ndoo akaigeuza, akaketi mbele yake, magoti yao yakagusana. Alikuwa amemlilia mumewe mara nyingi tangu siku ile ya benchi, chumbani, redio ikiwa juu ili majirani wasisikie. Hii ilikuwa mara ya kwanza analia akiwa na mwenzake, na walilia mpaka jioni, bila kuambiana pole.